Bwawa la nyumbani limegeuka kijani: fanya hivi

Miezi ya kaskazi joto la Tanga likikaza, siku tatu bila klorini zinatosha kuligeuza bwawa kijani. Masika nayo ina mbinu yake: mvua inazimua dawa, kisha maji ya bustani yanaingia na mbolea yake, na mwani unapata chakula. Mwani huu ni ndugu wadogo wa ule unaolimwa baharini, chembe zisizoonekana moja moja, ila zikiwa nyingi hata ngazi ya pili huioni. Hapo marufuku mtu kuogelea. Mtoto akizama kwenye maji ya namna hiyo hakuna atakayemwona.

Anza na hesabu. Urefu mara upana mara kina cha wastani. Bwawa la kawaida la nyumba ya Raskazone hapa Tanga, tuseme mita 8 kwa 4, kina mita 1 upande mmoja na 2 upande wa pili, lina mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Vipimo vyote humu ni vya bwawa hilo. Lako likiwa nusu yake, gawa kwa mbili.

Shauri la kwanza utakalopewa na jirani ni kumwaga maji yote. Usikubali. Karibu na bahari maji ya ardhini hayako mbali, hasa masika, na bwawa tupu husukumwa kutoka chini kama mtumbwi. Sakafu hupasuka au bwawa zima huinuka. Isitoshe, kulijaza upya ni safari tano za boza la lita 10,000.

Opoa majani yote kwa wavu, ya mwembe, ya mkungu, na yale yaliyolala chini usiyoyaona. Klorini haichagui: italiwa na jani lililooza kabla haijaufikia mwani.

Kisha pima pH, yaani kiwango cha uchachu wa maji, na hapa ndipo pesa za wengi zinapopotelea. Kwenye pH 7.2 karibu theluthi mbili ya klorini inafanya kazi ya kuua, ikifika 8.0 inabaki kama robo tu. Visima vingi vya Tanga vimechimbwa kwenye mawe ya chokaa, yale yale ya mapango ya Amboni, kwa hiyo maji yake ni magumu na pH hupenda kupanda. Ishushe hadi 7.2 kwa asidi ya haidrokloriki: mimina nusu lita upande wa kina kirefu huku pampu inazunguka, subiri muda wa saa nne, pima, kisha ongeza kama bado. Vaa glavu na miwani, simama upande upepo unakotokea.

Jua likishazama, weka klorini. Mchana jua huila haraka. Kwa klorini ya unga ya asilimia 65, kilo 1.5 hulipatia bwawa letu miligramu 20 kwa lita, dozi ya kuua. Kijani kikiwa kizito kama kisamvu, weka kilo 2.2. Jaza maji kwenye ndoo kwanza, ndipo utie unga kidogo kidogo, usizidi nusu kilo kwa ndoo, na umwage ukizunguka ukingo. Usimwagie maji juu ya unga. Usitumie ndoo iliyokuwa na asidi, maana hutoa gesi ya sumu, wala kopo lililokuwa na vidonge vya klorini: aina hizo mbili zikikutana zinaweza kuwaka moto.

Halafu sugua. Mwani una utelezi unaoukinga, na brashi ndiyo inayoupasua: kuta, kona, nyuma ya ngazi, ndani ya skima, ule mdomo wa ukutani unaonyonya uchafu wa juu. Brashi ya nailoni kwa faiba na rangi. Ya waya wa chuma cha pua kwa saruji pekee. Vidoa vyeusi vilivyoota mizizi kwenye saruji visugue mpaka kichwa kitoke, la sivyo vitarudi mahali pale pale.

Pampu iende mfululizo saa 24. Umeme ukikatika, endelea na brashi ili dawa isitulie chini. Soma geji ya msukumo wa maji kwenye filta ikiwa safi na uandike namba ukutani. Ikipanda kwa nusu ba (ba ni kipimo cha msukumo), pitisha maji kinyumenyume kwenye filta dakika mbili au tatu hadi yanayoonekana kwenye kioo chake yawe meupe, kisha suuza nusu dakika. Zima pampu kila unapogeuza mkono wa vali, ule unaobadilisha njia ya maji kwenye filta. Ukiugeuza maji yakisukuma, mpira wa ndani unachanika, na bwawa litapungua kila siku bila kuona linakovuja.

Asubuhi maji yakiwa ya kijivu kama maji ya mchele, furahi: mwani umekufa. Watu wengi hapo huongeza dawa, kumbe kazi iliyobaki ni ya kuchuja. Filta ikichelewa, tumia shabu ya unga, gramu 40 kwa kila mita ya ujazo, karibu kilo 2. Iyeyushe, imwage, changanya vizuri bila kuipitisha kwenye mchanga wa filta, zima pampu usiku kucha. Uchafu utalala chini kama uji. Unyonye taratibu, vali ikiwa upande wa kutupa nje. Ukiupitisha kwenye filta umeurudisha. Pima pH tena, shabu huishusha.

Kipimo cha klorini kikibaki cheupe baada ya dozi kubwa, usidhani klorini imekwisha. Ikizidi sana huichubua rangi ya kipimo. Changanya sampuli nusu kwa nusu na maji ya chupa, pima, zidisha kwa mbili. Pima jioni na alfajiri: ikiwa kiasi kilichopotea usiku kucha hakifiki miligramu 1 kwa lita, mwani umekwisha. Waogeleaji wasubiri ishuke hadi 3 na sakafu ionekane wazi.

Maji yakigeuka rangi ya chai baada ya klorini, hiyo ni chuma cha kisimani, na dawa ya mwani haitasaidia. Na kijani kikirudi kila wiki huku kipimo kinaonyesha klorini ipo, angalia vidonge. Vina asidi ya sianuriki, inayoikinga klorini na jua; miligramu 30 hadi 50 kwa lita ni nzuri, ikipita 100 klorini inakuwa goigoi. Haina dawa ila kubadilisha sehemu ya maji, theluthi moja kwa awamu, wakati wa kiangazi.

Baada ya hapo ni kawaida ya wiki: klorini miligramu 2 hadi 3, pH 7.2 hadi 7.6, brashi mara moja, pampu saa nane kwa siku. Mchanga wa filta badilisha kila miaka mitano hadi saba, usichote wa ufukweni.

Asidi na klorini zikae vyumba tofauti, pakavu. Bawaba za mlango wa stoo zikianza kuota kutu haraka, kuna kifuniko hakijakaza.