Kitalu chembamba kwenye kivuli cha ukuta: panda hivi

Nyumba nyingi hapa Dodoma zina kile kipande cha udongo kati ya ukuta na saruji ya kibaraza, kina kisichofika hata sentimita 20, jua halipigi. Watu hupanda waridi pale, linadhoofika, kisha wanalaumu udongo. Tafadhali usihangaike na waridi, linataka jua na nafasi ya mizizi.

Weka mkonge pori, ule wenye majani magumu yaliyosimama wima kama panga. Jamii hii huota yenyewe kwenye vichaka vikavu vya ukanda wetu, inahifadhi maji kwenye majani na mizizi yake haiendi chini sana. Unachohitaji ni kipande chenye mzizi kutoka kwa jirani. Kinachouua haraka ni maji mengi: udongo ukauke kabisa ndipo umwagilie. Kiangazi chetu kinaanza Mei hadi Novemba, kwa hiyo huo ni msaada mkubwa kwenye bili ya maji.

Mbele yake tandaza lile jani la zambarau lenye mistari ya fedha linalotambaa. Kata tawi, chomeka, linashika. Utomvu wake huwasha ngozi ya baadhi ya watu, osha mikono.

Changanya samadi iliyooza vizuri na mchanga wa korongo, kisha funika juu kwa maganda ya karanga. Na ukichimba ukakuta mizizi ya mwarobaini imejaa, tumia vyungu tu, mwarobaini utakunywa kila kitu.