Kutumia Kompyuta kwa Umakini na kwa Uchache

Watu wengi huwasha kompyuta kwanza, kisha ndipo hujiuliza wanataka kufanya nini. Hapo ndipo muda mwingi huanza kupotea, kwa sababu anayeketi bila kazi yake hupewa kazi na mashine: arifa ya kusoma, video ya kutazama, programu inayodai kusasishwa. Mwongozo huu unahusu namna ya kuurudisha uamuzi mikononi mwa mtumiaji, na hauhitaji kununua chochote.

Anza kabla ya kubonyeza kitufe cha kuwasha. Andika kwenye kipande cha karatasi sentensi moja inayotaja kazi iliyokuketisha hapo, na uhakikishe kwamba ina kitenzi na kikomo. “Barua pepe” si kazi. Hapo ni mahali pa kuzurura. “Kumjibu mwalimu kuhusu tarehe ya mtihani” ni kazi, kwa kuwa inajulikana inapoishia. Karatasi ikae kando ya kibodi, mahali ambapo jicho litaiona bila kulazimika kufungua dirisha lolote.

Hatua ya pili ni kuhakikisha kwamba kompyuta inapowaka huwaka kimya. Programu nyingi zinaposakinishwa hujiingiza zenyewe katika orodha ya programu zinazoanza pamoja na mashine, hivyo kabla hujagusa chochote tayari kumbukumbu imekwisha kugawanywa na madirisha mawili matatu yanakusubiri. Kwenye Windows 10 na 11, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la kusimamia kazi, ambalo ndani yake mna orodha hiyo. Kwenye macOS, yaani mfumo wa kompyuta za Apple, orodha hiyo imo katika mipangilio ya mfumo, sehemu ya jumla. Zima kila usichokihitaji katika dakika ya kwanza, lakini uache programu ya kuzuia virusi, ile inayotunza nakala rudufu, na zile zinazoendesha vifaa kama kipanya na sauti. Kuzima hapa hakufuti programu. Kunaifanya tu isubiri kuitwa.

Kuondoa programu kabisa kunahitaji uangalifu zaidi. Pitia orodha ya zilizosakinishwa, na kwa kila moja jiulize ni lini uliitumia mara ya mwisho na kwa kazi gani. Ile isiyo na jibu iondoe. Usiyoitambua usiifute kwa kukisia, kwa maana baadhi huendesha sehemu za mashine yenyewe; tafuta kwanza jina lake na kazi yake. Jambo hili lifanywe baada ya kunakili faili muhimu kwenye diski ya nje.

Sasa arifa, ambazo kwa maoni yangu ndizo zinazostahili bidii kubwa kuliko kitu kingine chochote ndani ya kompyuta. Mwaka 1971 mwanauchumi Herbert Simon, ambaye mwaka 1978 alipewa Tuzo ya Nobeli, aliandika kwamba wingi wa habari huzaa uhaba wa umakini. Aliandika hayo kabla kompyuta hazijaingia majumbani, na bado hakuna maelezo yanayoeleza vizuri zaidi kinachotokea kila kisanduku kidogo kinapochomoza kwenye pembe ya skrini. Wengi huzima arifa moja moja kadiri zinavyowakera, na kazi hiyo haina mwisho. Ni afadhali kugeuza utaratibu: zima zote kwa mara moja, kisha ziruhusu tena zile chache zenye mtu halisi anayesubiri upande wa pili au saa isiyoweza kuahirishwa, kama vile simu za video na kalenda. Usisahau nambari nyekundu zinazoning’inia kwenye alama za programu, kwani nazo huita hata zikiwa hazina sauti. Fungua pia mipangilio ya kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, na ufute ruhusa za tovuti zote zilizokubaliwa kutuma arifa. Mara nyingi ruhusa hizo zilitolewa kwa haraka, kwa nia tu ya kuondoa kidirisha kilichoziba maandishi. Barua pepe itafunguliwa kwa saa zilizopangwa, mbili au tatu kwa siku, na itafungwa baada ya hapo. Ambaye kazi yake inamlazimu kujibu papo hapo hataweza kufuata sharti hili kikamilifu, naye asijilaumu, azime yaliyobaki.

Kivinjari ndicho chumba chenye msongamano mkubwa zaidi. Vichupo 30, yaani kurasa 30 za tovuti zilizoachwa wazi ndani yake, ni maamuzi 30 yaliyoahirishwa, na kila kimoja hukumbusha deni lake jicho linapopita juu yake. Gloria Mark, mtafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, alipima mwaka 2004 muda ambao watu kazini hutazama skrini moja kabla ya kuhamia nyingine, akapata wastani wa dakika mbili na nusu hivi; katika vipimo vya miaka ya karibuni wastani huo umeshuka hadi sekunde 47 hivi. Mshika mawili, moja humponyoka. Kwa hiyo fungua dirisha moja kwa kazi moja, na ndani yake vichupo vile tu ambavyo kazi hiyo inavihitaji. Ukurasa unaotaka kuusoma baadaye uhifadhi kama alamisho, kisha ufunge. Wakati wa kusoma au kuandika, F11 kwenye Windows huufanya ukurasa ujaze skrini nzima na kuficha vichupo vyote. Kwa tovuti ambazo hukuvuta kupita kiasi, toka kwenye akaunti kila unapomaliza na usikiruhusu kivinjari kutunza nenosiri. Ule usumbufu wa kuliandika upya huipa akili nafasi ya kuuliza kama kweli unakusudia kuingia.

Mipangilio yote hiyo, hata hivyo, haitafaa kitu ikiwa mtumiaji hajifahamu mwenyewe. Chunguza kwa siku chache ni wakati gani hasa mkono wako hukimbilia kufungua kichupo kipya. Aghalabu ni pale kazi inapokuwa ngumu: sentensi imekataa kukamilika, hesabu hazilingani, au kuna jibu unaloogopa kulipokea. Ukiushtukia mkono uko njiani, uondoe kwenye kibodi, vuta pumzi moja taratibu, na ujiambie waziwazi unachokikimbia. Kama wazo lililokujia ni la maana, liandike kwenye ile karatasi, kisha urudi kazini. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu anapohama kutoka kazi moja kwenda nyingine, sehemu ya umakini wake hubaki nyuma katika kazi aliyoiacha, na hasa kama hakuimaliza. Ndiyo maana kuchungulia kwa dakika moja hugharimu zaidi ya dakika moja. Zoezi hili la mkono ninalithamini kuliko mipangilio yote niliyokwisha kuitaja, kwa sababu mtu huhama nalo hata akibadilisha mashine.

Kuhusu faili, maneno machache yanatosha. Eneokazi, yaani skrini ya kwanza inayoonekana kompyuta ikishawaka, liwe tupu, vitu vilivyopakuliwa vipangwe au vifutwe mara moja kwa juma, na majina ya faili yaanze na mwaka na mwezi ili yajipange yenyewe. Maandishi ya kawaida yaandikwe kwenye kihariri sahili badala ya programu yenye vitufe mia. Simshauri mtu kuongeza programu maalumu ya kumsaidia kutulia kabla hajapunguza zile alizonazo.

Siku ya kazi ifungwe kwa utaratibu. Zikiwa zimebaki dakika tano, hifadhi kila kitu, kisha andika kwenye karatasi sentensi moja inayosema umefikia wapi na hatua inayofuata ni ipi. Funga vichupo vyote, funga programu moja baada ya nyingine, na uzime mashine kabisa badala ya kufunika kifuniko. Katika mipangilio ya kivinjari chagua kianze na ukurasa mtupu, si na vichupo vya jana, ili kesho asubuhi karatasi iwe kitu cha kwanza utakachokisoma.