Somo: Kwenda Mauritania bila wakala, ukiwa na pasipoti ya Afrika Mashariki

Wakuu, somo hili nilikuwa nadaiwa tangu niliporudi. Maelezo ya safari za Mauritania yaliyojaa mtandaoni karibu yote yameandikwa na Wazungu. Mengi ni ya kweli, ila yana pengo. Mzungu akishuka garini Nouakchott, mji mkuu, anaonekana mtalii. Mimi na wewe tukishuka tunaonekana vijana wanaotafuta boti ya kwenda Hispania. Ukilishika hilo tangu mwanzo, safari inakuwa nyepesi. Usipolishika, utalala kituoni.

Nchi yenyewe ni jangwa tupu isipokuwa ukanda wa kusini kando ya Mto Senegali. Ina zaidi ya kilomita za mraba milioni 1, yaani inaizidi Tanzania, lakini watu wake wote hawafikii wa Mkoa wa Dar es Salaam. Nenda kati ya Novemba na Februari. Kuanzia Mei joto linavuka nyuzi 40, na hapo hata wenyewe wanajifungia ndani mchana.

HATUA YA 1: KARATASI

Viza ya kununua ukifika iliondolewa Januari 2025. Siku hizi unaomba mtandaoni, unasubiri jibu, unalichapisha. Usikate tiketi ya ndege kabla jibu halijafika, hata kama bei inakutamanisha. Kadi ya homa ya manjano ibebe, iwe ile halisi.

Halafu kopi. Barabara za kule zina vizuizi vya polisi na askari kila baada ya mwendo, na kila kizuizi kinataka taarifa zako kwenye karatasi. Wanaiita fiche, unaitamka "fishi". Ni kopi ya ukurasa wa picha wa pasipoti, na chini yake unaandika kwa Kifaransa kazi yako, unakotoka, unakokwenda na namba ya viza. Bila kopi, askari atachukua daftari na kuinakili pasipoti yako herufi kwa herufi, na abiria wote watakusubiri juani wakikuangalia. Wazungu wanashauri kopi 20. Mimi nilitoa 40.

Sasa yale ambayo wao hawayaandiki, kwa sababu hawayahitaji. Chapisha tiketi ya kurudi. Chapisha uthibitisho wa nyumba ya wageni ya usiku wa kwanza. Beba barua ya mwajiri inayosema uko likizo na unatakiwa kazini tarehe fulani. Kama unafanya biashara, leseni yenye jina lako. Ikiwezekana iwe na tafsiri ya Kifaransa.

Sababu ni hii. Kutoka Nouadhibou, mji wa bandari wa kaskazini, hadi visiwa vya Canary vya Hispania ni kama kilomita 800 za bahari, na maelfu ya watu kutoka nchi za kusini mwa Sahara hupita njia hiyo kwa mitumbwi. Machi 2024 Umoja wa Ulaya ulitia saini mapatano na Mauritania ya euro milioni 210 kuhusu wahamiaji. Mwaka 2025 msako ukakolea, watu wengi wakakusanywa mitaani na kupelekwa mipaka ya Senegali na Mali. Wewe hauhusiki, lakini wavu haumuulizi samaki.

Mimi nilishushwa garini mara moja, peke yangu kati ya abiria saba. Askari aliangalia viza, hakuridhika. Nikampa tiketi ya kurudi, akaisoma mara mbili. Nikampa barua ya kazi. Hapo ndipo akacheka na kuniuliza Tanzania ni upande gani wa Sudani. Dakika kumi, yakaisha. Jamaa mmoja wa gari la mbele, kijana wa Gambia mwenye pasipoti safi kabisa lakini bila karatasi nyingine, tulimwacha amekaa pale pale kwenye tairi.

HATUA YA 2: KUINGIA

Ukiwa na hela, pita Istanbul au Casablanca. Kote kuna ndege za Nouakchott. Mimi nilikwenda kwa ndege hadi Dakar, nikapanda gari hadi mpakani. Kivuko cha Rosso kina pantoni na wapiga debe wasiokubali neno hapana. Watakunyang'anya pasipoti kwa kisingizio cha kukusaidia kugonga muhuri. Usiitoe kwa mtu asiyevaa sare. Kuna njia nyingine kupitia bwawa la Diama, upande wa baharini, tulivu zaidi ila usafiri wa umma ni wa kubahatisha.

Wanaotoka Moroko hupita kivuko cha Guerguerat. Katikati ya vituo viwili vya mpakani kuna kilomita chache zisizo na mwenyewe, na nje ya njia kuna mabomu ya ardhini ya vita vya zamani. Fuata magari, usichepuke hata kwa haja ndogo.

HATUA YA 3: HELA

Hapa Mswahili ana bahati. Kuanzia ishirini hadi tisini, mia na elfu, sita, saba na tisa: hesabu yetu hiyo ni ya Kiarabu, na Kihassaniya cha kule ni Kiarabu. Matamshi yanapishana kidogo tu. Muuzaji akisema "arba'in" wewe umeshasikia arobaini. Nilipatana bei ya kilemba sokoni bila Kifaransa hata neno moja.

Sasa mtego. Januari 2018 walifuta sifuri moja kwenye ugiya, fedha yao. Ugiya mpya 1 ni za zamani 10. Noti ni mpya, lakini midomo ya watu ilibaki na hesabu ya zamani. Ukiambiwa teksi ni elfu moja, anamaanisha noti ya 100. Uliza kila mara "mpya au ya zamani?" kabla hujakaa. Mimi siku ya kwanza nilimlipa mtu mara kumi ya nauli, na kwa heshima yake alinikimbilia kunirudishia.

Beba euro taslimu. Mashine za kutoa fedha zipo Nouakchott na Nouadhibou, lakini ukishaelekea jangwani usizitegemee. Wenyeji wanalipana kwa simu kama sisi, kupitia huduma inayoitwa Bankily, lakini mgeni wa wiki mbili usijisumbue nayo.

HATUA YA 4: BARABARANI

Nouakchott hadi Atar, mji mkuu wa mkoa wa Adrar, ni lami, kilomita 430 na kitu. Kuna mabasi madogo na kuna magari ya kushirikiana, kama michomoko yetu: kiti cha mbele wanakaa wawili, nyuma mnabanana. Ukitaka kukaa kwa raha, lipia viti viwili, hakuna atakayekucheka. Gari likisimama kwa swala, linasimama kweli. Tandaza nawe au kaa kimya kivulini.

Salamu zao ni ndefu kuliko za Pemba. Asalaam aleykum, kisha "iyak labas", kisha hujambo ya nyumba, ya watoto, ya safari, na yeye anakurudishia zote. Ukiruka salamu ukaanza na shida yako, umeharibu. Mzungu anasamehewa, mtu mweusi asiyesalimia anadhaniwa ana haraka ya kwenda kujificha. Pale kwenye vizuizi niliona wazi: salamu kwanza, fishi baadaye.

HATUA YA 5: ADRAR

Huku ndiko ulikokuja. Weka kambi yako Atar, ununue maji, tende na mkate, kisha panga safari ndogondogo.

Terjit iko kusini mwa Atar, mwendo usiofika saa moja. Ni bonde jembamba la mitende, maji yanadondoka kutoka kwenye mwamba kama bomba bovu, na unaoga.

Chinguetti iko kilomita kama 80, unapanda mlima kwa barabara ya vumbi halafu unatokea uwanda wa mchanga. Mji ulianza karne ya 13. Mahujaji wa Sahara walikuwa wakikutana hapo kabla ya msafara wa kwenda Makka. Mnara wa msikiti ni wa mawe yaliyopangwa makavu, na kwenye ncha zake kuna mayai ya mbuni. Kuna familia zinazotunza vitabu vya mkono vya mababu zao, vya tafsiri, fikihi, na elimu ya nyota, na mtunzaji atakufungulia kwa malipo kidogo. Mmoja alifungua mlango kwa ufunguo wa mti wenye meno, akavaa glavu, akatoa kitabu kilicholiwa na mchwa pembeni. Mchanga wenyewe umeshakula nyumba kadhaa za upande wa magharibi. Unatembea juu ya mapaa bila kujua.

Mbele zaidi ni Ouadane, mji wa mawe ubavuni mwa mlima. Miji hii miwili, pamoja na Tichitt na Oualata, iliingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 1996. Kutoka Ouadane wengi wanakwenda Richat, lile duara la miamba la kilomita 40 linaloonekana kutoka angani. Ukweli wangu: ukiwa chini huoni duara, unaona mawe. Gari la kukodi la kufika huko ndilo litakalokumalizia bajeti. Mimi siku mbili za kwenda huko ningezilala Chinguetti.

HATUA YA 6: TRENI

Najua wengi mmefungua somo kwa ajili ya hili. Reli ya madini ya chuma inatoka Zouérat hadi bandari ya Nouadhibou, kilomita 700, tangu 1963. Treni moja inaweza kufika kilomita 2 na nusu. Kwa miaka mingi watu walipanda bure juu ya mabehewa, wenyeji na mbuzi zao, kisha watalii na kamera zao. Miaka ya karibuni wageni wamekuwa wakizuiwa, kwa hiyo uliza Choum, kituo cha treni kaskazini mwa Atar, au Atar penyewe kabla hujajipanga.

Mimi sikupanda, na sikushauri. Usiku ni baridi ya kukaza meno, vumbi la chuma linaingia hadi kwenye mapafu, na asubuhi unashuka Nouadhibou ukiwa mweusi tii, umefunika uso, bila mzigo wa maana. Fikiria polisi wa mji ule anaona nini. Likiwepo behewa la abiria, panda hilo. Lisipokuwepo, rudi kwa lami.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, usalama ukoje? Nasikia Sahara yote imeharibika.
– Mauritania si Mali. Shambulio kubwa la magaidi halijatokea tangu 2011. Lakini mpaka wa Mali na kaskazini mashariki kule ni maeneo ya jeshi; usiende. Oualata nayo iache kwanza, ingawa roho inauma.

Mimi ni mwanamke, nasafiri peke yangu. Nitaweza?
– Dada, nilikutana na wawili waliokuwa wanaweza. Nunua melhfa sokoni, ile nguo moja ndefu ya kujizungushia kichwa hadi miguu, nyepesi na ya rangi. Utaonekana mstaarabu na jua halitakuunguza. Wanawake wa kule si wa kujificha. Wana maduka, wanasema kwa sauti, na aliyeachika hufanyiwa sherehe. Kaa karibu nao kwenye gari.

Sisi wa Lamu ni Shafi'i. Wao wanaswali vipi?
– Shekhe, ni Maliki. Wengi hawafungi mikono, wanaishusha. Swali ulivyozoea, hakuna aliyenitazama vibaya. Asiye Mwislamu msikiti wa Chinguetti anauona kwa nje tu. Na pombe ni marufuku nchi nzima, msijaribu.

Chakula?
– Pwani ni wali mwekundu wa samaki, umetoka Senegali. Ukifumba macho utasema pilau imekosewa viungo. Jangwani ni nyama, mkate na zrig, maziwa yaliyochanganywa maji na sukari. Chai ni vikombe vitatu vidogo, na kuondoka baada ya cha kwanza ni dharau. Usiwe na basi la kuwahi.

Nina Kiingereza tu, Kiarabu sina.
– Kiingereza hakitakufikisha mbali. Jifunze sentensi ishirini za Kifaransa, hasa za kizuizini: natoka wapi, nalala wapi, narudi lini.

Zile kopi 40 zilitosha?
– Zilibaki tatu. Mbili nilimpa yule kijana wa Gambia aandike nyuma yake; tulipofika Nouakchott jioni, gari lao lilikuwa halijaingia.