Jinsi ya Kufuatilia Jina Adimu la Ukoo la Uskoti: Mfano wa Dalziel

Mwongozo huu ni wa yeyote aliyekutana na jina la ukoo la Uskoti asilolizoea, iwe kwenye cheti cha bibi, jiwe la kaburi au barua ya zamani, na anataka kujua limetoka wapi, lina maana gani na wenye nalo ni wengi kiasi gani. Kazi yangu ni kufuatilia nasaba, na jina ninalopenda kufundishia ni Dalziel, kwa sababu karibu kila mtego wa majina ya Kiskoti umo ndani yake.

Hatua ya 1: Sikiliza jina kabla ya kulitafuta

Mwenyeji wa Motherwell, mji wa Uskoti ulio karibu na chimbuko la jina hili, atakutamkia "di-YEL". Z haisikiki kabisa, na sababu ni kwamba tangu mwanzo haikuwa z. Waandishi wa Kiskoti wa zamani walikuwa na herufi iliyofanana na tarakimu 3, ikiitwa yogh, yenye sauti iliyokaribia y. Uchapaji ulipoanza Edinburgh, karibu na mwaka 1508, herufi za chuma zililetwa kutoka bara la Ulaya na yogh haikuwemo. Wachapaji wakachukua ile iliyofanana nayo kwa umbo, yaani z. Ndiyo sababu hata Menzies, kwa matamshi ya kale, husikika kama "Mingis".

Kwa hiyo andika pembeni kila tahajia inayoweza kutoa sauti hiyo: Dalziel, Dalzell, Dalyell, Dalzel, Deyell. Karani wa kanisa aliandika alichosikia, na mtu mmoja anaweza kubatizwa kwa tahajia moja, akaoa kwa nyingine na akazikwa kwa ya tatu. Majina mengi yanayoitwa adimu huonekana hivyo kwa sababu tu yamegawanyika vipande vipande kwenye vitabu. Ukiruka hatua hii, hatua zote zinazofuata zitakupotosha.

Hatua ya 2: Tafuta mahali

Majina ya Uskoti hutokana na jina la baba (yale ya Mac), kazi, sifa ya mtu au mahali. Dalziel ni la mahali. Fungua tovuti ya ramani ya Maktaba ya Taifa ya Uskoti, ambayo ni ya bure, uchague ramani za Ordnance Survey, idara ya ramani ya serikali ya Uingereza, za inchi sita kwa maili, toleo la kwanza, za karne ya 19. Tafuta kaunti ya Lanark, kisha ufuate mto Clyde hadi Motherwell. Utaiona parokia ya Dalziel, na karibu na mto utaona nyumba ya kifahari ya Dalzell. Parokia na nyumba ni jirani, lakini tahajia ni mbili.

Sasa itazame ardhi yenyewe. Sehemu ya kwanza ya jina ni neno la Kigaeli, lugha ya jadi ya Uskoti, *dail*, yaani shamba au uwanda wa majani kando ya mto. Sehemu ya pili kwa kawaida hufasiriwa kuwa *geal*, nyeupe. Mimi naisimamia ile ya kwanza bila wasiwasi, kwa kuwa ramani inaonyesha ardhi tambarare inayoshuka hadi mtoni. Hii ya pili naichukua kama tafsiri nzuri, basi.

Jihadhari na majina yenye chimbuko zaidi ya moja. Ng'ambo ya mto huohuo, si mbali, ndipo ilipo Blantyre alikozaliwa David Livingstone mwaka 1813, yuleyule aliyefika Ujiji. Upo mji wa Livingston kule West Lothian, na wapo waliopata jina lao huko. Lakini familia yake ilitoka kisiwa cha Ulva, magharibi, ambako Livingstone lilichukua nafasi ya jina la Kigaeli lenye maana ya mwana wa tabibu. Hata babake alikuwa akiandika Livingston, bila e mwishoni.

Hatua ya 3: Fika kwenye maandishi ya kale kabisa

Mwaka 1296 mfalme Edward I wa Uingereza aliwalazimisha wenye ardhi wa Uskoti wamwapie utii, na orodha yao, iitwayo Ragman Roll, imehifadhiwa. Humo yumo Thomas *de Dalielle* wa kaunti ya Lanark. Hiyo *de* ina uzito mkubwa: inaonyesha kwamba wakati huo bado lilikuwa jina la ardhi anayoishikilia mtu.

Kuanzia hapo fuata matawi. Mwaka 1612 mfanyabiashara wa siagi wa Edinburgh, Thomas Dalyell, alinunua shamba la Binns, West Lothian. Mwanawe, Jenerali Tam Dalyell, alipigana hadi Urusi, na mwaka 1681 akaunda kikosi cha wapanda farasi kilichokuja kujulikana kama Scots Greys. Tawi jingine lilipata cheo cha Earl wa Carnwath mwaka 1639. Ardhi yenyewe ya Dalzell iliangukia mikononi mwa akina Hamilton mwaka 1647. Tangu hapo, ukimtafuta mtu wa jina hili ndani ya parokia yake ya asili peke yake, utawakosa wengi.

Hatua ya 4: Tenga hadithi na ushahidi

Utakutana na kisa hiki: ndugu wa mfalme Kenneth alinyongwa na maadui, mfalme akauliza nani atakwenda kuuteremsha mwili, akajitokeza mtu mmoja na kusema "nathubutu", na neno lake likawa jina la ukoo. Kwenye nembo ya ukoo kweli yupo mtu uchi, na kaulimbiu kweli ni "Nathubutu". Kisa nakipenda, lakini jina la ardhi ndilo lililotangulia. Kiandike kwenye faili lako kama kisa.

Na usinunue "nembo ya ukoo wako" mtandaoni. Kwa sheria ya Uskoti nembo ni mali ya mtu mmoja, na anayeitoa ni Lord Lyon, afisa wa nembo wa Uskoti, Edinburgh.

Hatua ya 5: Ingia kwenye vitabu vya usajili

Jisajili ScotlandsPeople, tovuti rasmi ya kumbukumbu za usajili za Uskoti. Kuangalia faharasa ni bure, ila kufungua picha ya ukurasa hulipiwa. Andika *Dal\*l* (nyota husimama badala ya herufi zozote) ili kunasa tahajia nyingi kwa pamoja, kisha tafuta Deyell peke yake. Usajili wa serikali ulianza tarehe 1 Januari 1855, na vyeti vya mwaka huo ni hazina: cha kifo hutaja hadi watoto wa marehemu. Kabla ya hapo tegemea vitabu vya parokia. Mwanamke wa Uskoti hakupoteza jina la kwao kwenye kumbukumbu, basi mtafute kwa majina yote mawili.

Hatua ya 6: Pima wingi wake

Hesabu ghafi hudanganya. Tuseme umepata watu 400 kwenye sensa ya 1881 na 450 kwenye ya 1901. Idadi imepanda, lakini Uskoti nayo ilikua kutoka milioni 3.74 hadi milioni 4.47. Gawanya: ni watu 107 kwa kila milioni, kisha 101. Jina limepungua. Fanya hesabu hiyo kwa tahajia zote zikiwa pamoja, halafu kwa kila moja peke yake, kaunti kwa kaunti. Tahajia moja ikishuka huku jirani yake ikipanda katika kaunti ileile, kagua kwanza kama ni watu walewale, kabla hujaanza kuwatafuta kwenye orodha za meli za Kanada na Australia.