Jinsi ya Kushika Tumaini la Kikristo Katika Majira Magumu

Mtu aliyefiwa, aliyepoteza kazi au anayemuuguza mpendwa wake kwa miaka bila kuona nafuu, mara nyingi huambiwa na waumini wenzake amwamini Mungu tu na mambo yatakaa sawa. Maneno hayo husemwa kwa upendo, lakini hayamwonyeshi aanzie wapi asubuhi ambayo hata kuinuka kitandani ni kazi nzito. Ninaamini kwamba pa kuanzia papo, na kwamba ni pale mtu anapomweleza Mungu hali yake jinsi ilivyo, bila kuipamba.

Anza, basi, kwa kuomboleza. Waumini wengi huiogopa hatua hii wakidhani kwamba kulalamika mbele za Mungu ni kukosa imani, ilhali kitabu cha Zaburi, ambacho Wayahudi na Wakristo wamekitumia kusali kwa karne nyingi, kimejaa malalamiko ya watu waliomcha Mungu. Zaburi ya 13 ina aya sita tu, na inafunguka kwa swali zito: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Mwenye kuomba anauliza "hata lini" mara nne kabla hajaomba lolote, na ni katika aya ya tano ndipo anaposema kwamba amezitumainia fadhili za Mungu. Zaburi ya 88 ni kali zaidi, kwa kuwa inamalizika gizani bila faraja yoyote kutajwa, na bado imehifadhiwa katika Maandiko Matakatifu ili isomwe na kusaliwa. Yesu mwenyewe, akiwa msalabani, alilia kwa maneno yanayoanza Zaburi ya 22: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Anayelia hivyo leo hajatoka nje ya imani, anaomba kama Bwana wake alivyoomba.

Kwa vitendo, tafuta mahali patulivu, soma Zaburi ya 13 kwa sauti, kisha uandike maombolezo yako kwa kufuata mpangilio wake: kwanza maswali yako, yakiwa wazi na yenye majina ya mambo yanayokuumiza, halafu ombi lako, mwisho, fadhili moja ya Mungu unayoikumbuka. Sehemu hiyo ya mwisho isipokuja, iache tupu na uirudie siku nyingine, kwa maana shukrani ya kulazimishwa huchosha roho kuliko machozi. Ukishindwa kuandika, tumia sala fupi ya yule baba aliyemleta mwanawe kwa Yesu katika Marko 9: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumfukuza kwa sababu ya imani yake iliyochanganyika na shaka, alimponya mtoto.

Mwili nao usisahauliwe. Katika 1 Wafalme 19 nabii Eliya, akiwa amemkimbia Yezebeli, malkia aliyetaka kumwua, aliketi chini ya mretemu jangwani akaomba afe. Mungu hakuanza kwa kumhubiria. Eliya alilala, malaika akamwamsha ale mkate na anywe maji, akalala tena, akaamshwa mara ya pili akala, na ndipo akapata nguvu za kwenda hadi mlima Horebu, alikosemeshwa na Mungu. Kwa hiyo kula kwa wakati, pumzika, na huzuni inapozidi majuma kadhaa na kukunyima usingizi au nguvu za kufanya kazi, mwone daktari au mshauri nasaha, kwa kuwa tiba na sala havigombani. Ukijiwa na wazo la kujiua, usilibebe peke yako hata usiku mmoja: mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, na utafute huduma ya dharura.

Unaposoma ahadi za Biblia, zisome pamoja na habari zinazozizunguka. Watu wengi hushika Yeremia 29:11, kwamba Mungu anawawazia watu wake mawazo ya amani, wakatarajia jibu ndani ya siku chache. Lakini aya iliyotangulia inataja miaka sabini, na maneno hayo yamo katika barua ambayo Yeremia aliwaandikia mateka walioko Babeli, wakiambiwa wajenge nyumba, wapande bustani na wauombee amani mji ule waliohamishiwa. Kuujua muktadha huo kunaiimarisha ahadi, maana mwenye kusubiri muda mrefu huacha kudhani kwamba amesahauliwa. Vivyo hivyo Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba uliokuwa mwilini mwake, na hakuondolewa, aliambiwa, "Neema yangu yakutosha." Mafundisho yanayodai kwamba kila ombi lisilojibiwa ni ushahidi wa imani haba yanamwacha Paulo bila maelezo, na yamewajeruhi wengi waliokuwa tayari wameumia.

Usibaki peke yako, ila chagua kwa busara unayemfungulia moyo. Rafiki zake Ayubu waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, na huo ndio ulikuwa msaada wao bora. Walipoanza kumweleza kwamba ameteseka kwa sababu ya dhambi zake, walikosea, na mwishoni mwa kitabu Mungu aliwakemea. Mtafute anayeweza kukusikiliza bila haraka ya kutoa sababu. Ukishindwa kabisa kuomba, mwombe yeye akuombee, na uende ibadani hata kama utakaa kimya wakati wengine wanaimba. Yule mwenye kupooza katika Marko 2 alifikishwa kwa Yesu na watu wanne, na Maandiko yanasema Yesu aliiona imani yao.

Hatimaye, fanya tendo moja dogo linaloelekea kesho. Yeremia, akiwa amefungwa katika uwanda wa walinzi na Yerusalemu umezingirwa na jeshi la Babeli, alinunua shamba la binamu yake Hanameli kwa shekeli kumi na saba za fedha, akaagiza hati zitiwe katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Wakati ule shamba hilo halikuwa na faida yoyote kwake. Tendo lako laweza kuwa kujiandikisha katika mafunzo uliyoyaahirisha, kupanda mti, au kumwandikia ndugu mliyenuniana. Lichague leo, liombee, na ulianze kabla hujajisikia kuwa tayari.