Somo: Kujifunza kula upya baada ya mionzi ya kichwa na shingo

Wapendwa, somo hili nimeliahidi muda mrefu. Wengi wetu tuliotibiwa saratani kwa mionzi tuliambiwa "matibabu yamekwisha", tukarudi nyumbani kwa furaha, tukakaa mezani, na chakula kikagoma. Ni mwaka wa sita tangu nimalize mionzi ya koo na bado nahitaji maji karibu kila tonge. Si uzembe wangu. Tezi za mate zikipata mionzi mikali, mara nyingi hazirudi kufanya kazi kama zamani. Nilipoacha kusubiri mdomo wangu wa zamani urudi, ndipo nilipoanza kushiba.

Hatua ya 1: Jua chakula kinakwama wapi

Kwa siku tatu, andika ulichokula na mahali kilipokusumbua. Kikikugandia mdomoni, shida kubwa huenda ni ukavu. Ukikohoa au kupaliwa mara unapomeza, shida iko kooni. Kikishuka kisha kikasimama kifuani, nyuma ya mfupa wa kidari, huenda umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, umekuwa mwembamba kwa sababu ya makovu. Hilo daktari anaweza kulichunguza, na mara nyingi umio hupanuliwa kwa kifaa maalumu. Daftari hilo nenda nalo kliniki. Ukisema "sili vizuri" utapewa pole. Ukisema "kila kitu kikavu kinasimama hapa" utafanyiwa kipimo.

Hatua ya 2: Lowesha kabla ya kutafuna

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoteseka zaidi. Siku moja nilitia mdomoni kipande cha mkate kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Kikanata kwenye kaakaa kama karatasi iliyopakwa gundi. Ulimi ukasukuma, kikajikunja, hakikuteremka. Ilibidi nikibandue kwa kidole, na machozi yalinitoka. Mkate haukuwa na kosa. Mate ndiyo hufunga chembe za chakula ziwe tonge moja linaloteleza, na mimi sikuwa nayo.

Kwa hiyo kazi ya mate ifanywe na kitu kingine: mchuzi, supu, maziwa, mtindi, mafuta kidogo. Chakula kiloe kikiwa bado kwenye sahani, kisisubiri maji ya kusukumia. Nyama ipikwe hadi ichambuke, halafu irudishwe kwenye mchuzi wake. Kabla ya kula, sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Dawa za kusukutua zenye pombe ziache, zinakausha zaidi. Pilipili na vitu vichachu vikikuchoma, viweke kando. Wapo wanaovirudia baadaye, wapo wasioweza tena.

Hatua ya 3: Pima taya lako

Simamisha vidole vyako vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, kimoja juu ya kingine, uvipitishe kati ya meno ya juu na ya chini. Vikishindwa kuingia, taya limeanza kukaza. Wataalamu wengi huhesabu mdomo unaofunguka chini ya milimita 35 kuwa umebana. Makovu ya mionzi huendelea kukaza taratibu hata miaka kadhaa baadaye, kwa hiyo usipime mara moja ukaacha. Omba ufundishwe mazoezi ya kunyoosha, uyafanye kila siku, hadi uhisi mvuto lakini si maumivu makali.

Hatua ya 4: Meza kwa utulivu

Kaa wima. Tonge dogo, meza, kisha meza tena hata kama unahisi hakuna kilichobaki. Usiongee na chakula mdomoni. Ukimaliza, kaa wima nusu saa au zaidi kabla ya kulala.

Sauti ikiwa na majimaji baada ya kunywa, au ukiugua kifua mara kwa mara, muone mtaalamu wa kumeza bila kuchelewa. Chakula kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa bila hata kikohozi kukushtua, na nimonia inayotokana na hilo ni hatari.

Hatua ya 5: Uzito

Jipime kila wiki, muda uleule. Kupungua asilimia 5 ndani ya mwezi mmoja, bila kukusudia, ni jambo la kumpelekea daktari.

Maswali ya wanachama

*Swali: Dada, mimi maji ndiyo yananipalia kuliko chakula. Inawezekanaje?*

Inawezekana kabisa, ndugu yangu. Maji hukimbia, koo lililochoka linachelewa kufunga njia ya hewa. Kuna watu husaidiwa na vinywaji vilivyofanywa vizito, wengine na namna ya kuinamisha kidevu. Lakini usijiamulie: mkao unaomsaidia mmoja humuumiza mwingine. Omba kipimo cha kumeza kwanza.

*Swali: Jino linaniuma, nataka nikaling'oe wiki hii. Kuna shida?*

Tafadhali usiling'oe kabla daktari wa meno hajajua kwamba taya lako lilipigwa mionzi, na wapi. Mfupa uliopata mionzi hupona kwa shida, na jeraha la jino linaweza kuufanya ufe. Hatari hiyo haiishi hata miaka mingi ikipita. Na kwa kuwa bila mate meno huoza upesi, uliza kuhusu floridi ya nguvu, madini yanayokinga meno yasioze.

*Swali: Mzee wangu aliondolewa tumbo lote, yaani mfuko wa chakula. Akila tu anatoka jasho, moyo unamwenda mbio, anaharisha. Somo hili linamhusu?*

Pole sana. Kwake sababu ni nyingine: chakula kinateremka utumboni haraka mno. Mpeni milo midogo sita hivi kwa siku, sukari ipungue, na vinywaji anywe nusu saa kabla au baada ya mlo. Hakikisheni pia anapata vitamini B12 maisha yake yote, kwa kawaida kwa sindano, kwa sababu tumbo ndilo lililokuwa likitoa kinachosaidia kuifyonza.

*Swali: Ladha itarudi?*

Kwa wengi hurudi kidogo kidogo, kwa miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Si wote. Kwangu utamu ulichelewa kuliko vyote.

*Swali: Naona haya kula mbele za watu. Natumia saa nzima, wote wamemaliza.*

Nakuelewa, mpendwa. Mimi naanza kula robo saa kabla ya wenzangu, na nimewaambia wa nyumbani sentensi moja tu: "Nikikohoa msinipige mgongoni wala msiniulize, nitainua mkono nikihitaji msaada." Tangu siku hiyo wanaendelea na mazungumzo yao, nami naendelea na sahani yangu.