Namna ya Kupima Mzigo wa Akili wa Rubani

Marubani wawili wanaweza kutua kwa kufuata vyombo, sindano inayoonesha njia ya kutua ikiwa katikati muda wote, na bado mmoja akawa amejikamua kabisa ilhali mwenzake alibakiwa na nafasi ya kufikiria mengine. Anayepima usahihi wa urukaji peke yake, basi, hajapima mzigo wa akili, kwa kuwa rubani hodari huufidia ugumu kwa kuongeza juhudi.

Tumia simuleta, yaani mashine inayoigiza urukaji, na uchague zoezi unaloweza kulipandisha ugumu: hewa tulivu, upepo wa ubavuni, kisha injini moja ikiwa imezimika. Badilisha mpangilio huo kwa kila rubani, la sivyo utapima uchovu na mazoea. Mpe pia kazi ndogo ya pembeni, kama kubonyeza kitufe cha kwenye usukani kila asikiapo mlio, ukisisitiza kwamba kuiongoza ndege ndiko kunakotangulia. Kadiri anavyochelewa kubonyeza kuliko alivyofanya akiwa ametulia bila kuruka, ndivyo nafasi iliyomsalia inavyokuwa finyu.

Zoezi likiisha, kabla hajafungua mikanda, mpe NASA-TLX, dodoso la kupima mzigo wa kazi, ambalo Sandra Hart na Lowell Staveland walilichapisha mwaka 1988. Atajipima kuanzia 0 hadi 100 katika mambo sita: kazi ya akili, kazi ya mwili, shinikizo la muda, ufanisi, juhudi na kero. Kipengele cha ufanisi ndicho kinachowachanganya wengi, kwa sababu huko namba kubwa ina maana ya kushindwa. Mwoneshe kwa kidole mapema. Kisha mlinganishie mambo hayo mawili mawili, jozi 15 kwa jumla, achague lipi lilimlemea zaidi. Idadi ya mara ambazo jambo limechaguliwa ndiyo uzito wake.

Tuseme akili ni 70 kwa uzito wa 5, muda 60 kwa 4, juhudi 65 kwa 3, ufanisi 30 kwa 2, kero 40 kwa 1, na mwili 20 kwa 0. Zidisha, jumlisha upate 885, ugawe kwa 15: mzigo ni 59. Wastani wa kawaida, usiojali uzito, ungekupa 47.5, kwa hiyo taja daima njia uliyotumia.

Mapigo ya moyo yapime pia, lakini usiyaamini yakiwa peke yake, maana joto na wasiwasi huyapandisha vilevile.